Majitaka ya Nairobi: hatari inayosukumwa kwa jirani

1/ Kila mvua kubwa ikinyesha Nairobi na majitaka kufurika barabarani, mjadala ni ule ule: kosa ni la walio mamlakani sasa ama la waliowatangulia? Leo tuache majina, turudi mwanzo. Uzi mfupi.

2/ Mji ulianza 1899 kama kambi ya reli, kwenye tambarare yenye kinamasi. Uchafu utaenda wapi halikuwa swali la kwanza. 1902 tauni ikazuka, na dawa ya wakubwa ikawa kuteketeza soko la Wahindi.

3/ 1913 akaletwa Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya kutoka Uingereza. Akapendekeza watu watengwe kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Yaani hatari ilipimwa, lakini swali lilikuwa "Mzungu atakingwaje?", si "uchafu utaondolewaje?"

4/ Wazungu wakakaa magharibi, juu. Waafrika wakapewa mashariki, chini. Na maji hayapandi mlima: mito ya Nairobi, Mathare na Ngong yote inateremka kwenda mashariki.

5/ Uhuru ulikuja, watu wakaongezeka kuliko mabomba. Sensa ya 1962 ilihesabu watu laki chache tu. Ya 2019: 4,397,073. Mitaa mingi ya mabanda bado inategemea choo cha shimo na mtaro.

6/ Sasa, hatari hupimwaje? Maswali mawili: kuna uwezekano gani jambo litokee, na likitokea litaumiza kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unasema fuata uchafu kutoka chooni hadi mwisho wa safari, na kila hatua uulize nani anaugusa.

7/ Haya, tufuate. Kuna anayezibua bomba bila glavu. Kuna mkulima anayemwagilia mboga kwa majitaka. Kuna bomba la maji safi lililopita kando ya lile chafu: siku za mgao likiwa tupu, ufa mdogo tu unavuta uchafu ndani.

8/ Kwa hivyo ukidhani hatari imebaki kwa jirani, kumbuka 2017. Kipindupindu kiliwapata hata watu waliohudhuria kongamano katika hoteli ya hadhi jijini.

9/ Na si kila kinga inahitaji mabilioni. Funika mashimo ya majitaka. Zibua mitaro kabla ya masika, si baada. Wape wafanyakazi buti na glavu. Mkulima asimamishe kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna. Kinga moja ikishindwa, nyingine ishike.

10/ Kisheria hatuombi msaada. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinatoa haki ya usafi wa kiwango kinachofaa. Jedwali la Nne linazipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi.

11/ Kwa hivyo mgombea akija na ahadi ya kilomita za mabomba, usipige makofi haraka. Muulize: yanaishia wapi? Mtambo wa kusafisha utabeba mzigo huo? Na pale mwisho wa bomba anaishi nani? Asipojibu, jua anakuahidi kuhamisha uchafu tu, kama ilivyofanywa tangu 1913. Sambaza.