Kutolewa mchezoni (softiboli)

Kutolewa mchezoni katika softiboli ni adhabu ambayo mwamuzi humpa mchezaji au kocha aliyevunja nidhamu, kwa mfano kwa kutukana au kumsukuma mwamuzi. Tofauti na mpira wa miguu, ambao ulianza kutumia kadi katika Kombe la Dunia la 1970 nchini Meksiko, hapa ishara ni mkono tu: mwamuzi huunyosha juu kuelekea nje ya uwanja na kutamka kwamba mhusika ametolewa.

Kwa kawaida husubiri kwanza tukio linaloendelea limalizike. Ishara inatakiwa iwe fupi na tulivu. Mwamuzi anayerusha mkono kwa mbwembwe, au kumnyooshea mtu kidole usoni, huchochea ugomvi badala ya kuumaliza, ingawa watazamaji hulipenda sana tamasha hilo. Kisha kocha mkuu huelezwa sababu.

Katika softiboli ya shule za sekondari za Marekani, kocha aliyetolewa lazima aende mahali asipoonekana wala kusikika. Mchezaji hubaki benchini, kwa sababu haifai kumwacha mwanafunzi peke yake bila mtu mzima wa kumwangalia.