Mji Mkongwe wa Unguja: Nyumba na Wakaazi Wake

Sisi walimu wa Kiswahili twapaswa kuujua Mji Mkongwe wa Unguja, kwani Kiunguja, lahaja ya mji huo, ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lugha ina wasemaji, na wasemaji wana nyumba zao.

Mengi ya majumba tuyaonayo yalijengwa katika karne ya 19 kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, dari zikichukuliwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba. Jengo la namna hii lataka kutunzwa daima. Paa likivuja lisizibwe, maji huingia ukutani, boriti huoza, na ghorofa huanguka. Wala saruji si dawa yake: huufungia unyevu ndani ya ukuta, ilhali chokaa huuacha ukatoka.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi walihama. Serikali ikataifisha majumba mengi na kuwapangisha wananchi, wengi wao kutoka mashamba. Waliokosa makao walipata makao. Walakini kila chumba kilipata mpangaji, na paa likakosa mwenyewe. Mwaka 1985 iliundwa Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji, na mwaka 2000 UNESCO ikautia katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki.

Utalii umeleta fedha za ukarabati, lakini pia umegeuza nyumba nyingi kuwa hoteli na maduka. Hapa ndipo penye mashaka yetu. Ukuta waweza kuponywa na mpangaji akahamishwa. Baraza ikabaki, na waliobarizi juu yake wakatoweka. Twaona kwamba uhifadhi wa kweli ni ule unaomwezesha fundi kurithisha kazi ya chokaa, na mkaazi kumudu kodi.

Basi, ndugu walimu, tufundishapo maneno boriti, baraza na chokaa, tusiyafundishe kama msamiati mtupu. Maneno hayo yangali na wenyewe, nao wanaishi chini ya mapaa yanayongoja kuzibwa.