Msonge: Nyumba Isiyopita Tanurini

Kiswahili kina majina matatu yanayotajwa pamoja kila yanapozungumzwa makazi ya kale ya bara: banda, tembe na msonge. Tembe, lenye paa bapa la udongo, liliwafaa Wagogo na Wanyamwezi katika nchi kavu. Msonge ni wa nchi ya mvua. Wahaya wa Maruku, Bukoba, huuita omushonge, na mwenye sikio la lugha atatambua kuwa ni neno lilelile, s ya Kiswahili ikikaa mahali pa sh ya Kihaya.

Mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba ya hapo haikuwa na budi kuyajibu maji kwanza. Msonge uliyajibu kwa umbo: paa la mteremko mkali lililoshuka hadi karibu na ardhi, likiwa paa na ukuta kwa pamoja. Unene wa nyasi ulizuia baridi ya usiku na jua la mchana. Moshi wa mafiga ukapenya katika fito na kuwafukuza wadudu. Nyasi zenyewe zilitoka rweya, yaani mbuga ya wazi iliyopakana na vibanja vya migomba. Rweya hiyohiyo ilitoa matandiko ya sakafuni na matandazo ya shambani. Nyasi zilipochakaa zilirudi kibanjani zikawa mbolea. Nyumba iliota, ikazeeka, ikalisha mgomba.

Maruku hiyohiyo ni nchi ya chuma. Huko Katuruka wazee husimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe, aliyetawala Kyamutwara katika karne ya 17, aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Kuanzia mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo, akachimba alipoelekezwa na wazee, akakuta mabaki ya uhunzi yenye umri wa miaka ipatayo 2,000 au zaidi. Tanuri zile zilikula makaa, na makaa yalikula msitu. Hata hivyo chuma kilibaki cha jembe na mkuki. Nyumba ilibaki ya nyasi.

Fedha za kahawa ndizo zilizoigeuza nyumba. Tangu miaka ya 1920 wenye uwezo walianza kuezeka kwa bati, wengine wakafuata. Tusiwalaumu. Msonge ulikuwa na moshi uliochoma macho na vifua, na cheche moja iliweza kuuteketeza. Bati hudumu, tena hukinga maji safi ya mvua. Lakini bati huoka mchana na kupoa upesi usiku, na tofali la kuchoma hudai kuni nyingi. Tumeirudia tanuri, safari hii kwa ajili ya kuta.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu zaidi ya 15 walifariki, na nyumba nyingi za matofali zikabomoka. Fito zilizofungwa kwa kamba hunepa. Ukuta mzito usiofungwa kwa nondo na zege hupasuka.

Sisemi turudi msongeni. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana: udongo wa papo hapo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, bila kuni. Tukiyaongezea dari, upenu mpana na kivuli cha migomba, hekima ya msonge itakuwa imehamia katika nyumba ya leo.

Kwetu sisi wapenzi wa lugha ipo kazi nyingine. Rweya inapopandwa mikaratusi, nyasi za kuezekea hupungua; na nyasi zikipungua, maneno hukosa pa kukaa. Ezeka bado tunalo, kwa sababu bati nalo huezekwa. Lakini ni wangapi miongoni mwa vijana wetu wanaojua kombamoyo, au kuezua, au tofauti ya ufito na boriti? Waulizeni mafundi wazee maneno hayo, myaandike, myatie katika mashairi yenu, wakati wapo wa kuwajibu.