Aliyejaribu Kujiua Anahitaji Daktari, Si Pingu

   Leo nitakueleza historia ya sheria moja iliyowafanya wazazi wengi wanyamaze wakati ambapo walipaswa kusema.

Mwaka wa 1930, serikali ya kikoloni ilituletea Kanuni ya Adhabu. Kifungu cha 226 kilisema kwamba mtu akijaribu kujiua ametenda kosa. Angeweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Waingereza walifuta kosa hilo kwao mwaka wa 1961. Sisi tukapata uhuru mwaka wa 1963, lakini kifungu chao tukabaki nacho.

Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, mama mmoja alimleta binti yake hospitalini usiku. Alituambia msichana alikula chakula kilichoharibika, nasi tukamtibu tumbo. Baadaye mama akanivuta kando akaninong'oneza: "Sista, ni dawa ya kunyunyizia kahawa. Niliogopa mtaita polisi." Daktari alibadilisha matibabu mara moja, na binti akapona. Lakini muda tuliopoteza ungeweza kumwua. Mama huyo hakuwa mbaya. Alikuwa anamlinda mtoto wake asifungwe.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba kifungu cha 226 kinakwenda kinyume cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010. Miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo walikuwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Jaji alisema kifungu hicho kinambagua mtu kwa sababu ya afya yake na kumvunjia heshima. Kwa hivyo mama, ukifika hospitali ya Thika Level 5 au ile ya Ruiru, sema ukweli wote. Kama ni sumu, njoo na chupa au pakiti yake.

Je, sisi wauguzi hufanya nini? Kwanza tunaokoa maisha na kutibu jeraha. Kisha tunaketi na mgonjwa faraghani na kumuuliza: Je, bado unafikiria kujiua? Umepanga namna? Umewahi kujaribu hapo awali? Ni jambo gani linalokuumiza? Nyumbani uko na nani? Majibu yake hutuonyesha kama atalazwa, au atarudi nyumbani akiwa na mtu wa kumwangalia na tarehe ya kurudi kliniki.

Hata wewe unaweza kuuliza. Wazazi wengi hudhani kwamba kumuuliza mtoto kuhusu kujiua ni kumfundisha. Sivyo. Swali la upole halimpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kutua mzigo.

Ukimsikia mtu akisema amechoka kuishi, akiaga watu, akigawa vitu vyake, au akijiumiza mwili kwa siri, fanya hivi:

1. Muulize waziwazi, bila kumkemea wala kumhubiria.
2. Usimwache peke yake.
3. Dawa za shamba, za panya na za hospitali zifungie kwa kufuli, ufunguo ukae nawe. Bora zaidi, ziondoe nyumbani.
4. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Unaweza pia kupiga 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.
5. Akirudi nyumbani, usimwite majina. Mkumbushe tarehe ya kliniki na umsindikize.

Mwficha maradhi kilio humuumbua. Zamani tulificha kwa kuogopa pingu. Leo, mama, usifiche tena. Na kama anayelemewa ni wewe mwenyewe, maneno haya ni yako pia. Njoo tuzungumze.