Vipimo vya Homoni na Ovari Zenye Vifuko Vingi: Mwongozo kwa Wanandoa Wanaotafuta Mtoto

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, Lipingo na jirani zake, ndoa isiyopata mtoto huanza kuulizwa maswali mapema, na maswali hayo kwa kawaida huelekezwa kwa mke. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kungoja hufuata safari ya hospitali, na siku hizi si ajabu mke kurudi na karatasi yenye herufi FSH, LH, TSH na namba pembeni, pamoja na maelezo ya ultrasaundi kwamba ovari zake zina “vivimbe vingi”. Karatasi hiyo husomwa na mama mkwe, husomwa na wifi, na hatimaye husomwa na muuza dawa anayeahidi “kuweka homoni sawa” kwa chupa tatu. Makala haya yanakusudia kuwasaidia waamini kuelewa yaliyoandikwa humo kabla fedha hazijatumika na kabla lawama hazijatolewa.

Namba isiyo na tarehe

Homoni ni wajumbe ambao tezi za mwili huwatuma kwa njia ya damu. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa FSH, inayokuza vifuko vya mayai ndani ya ovari. Kisha hutoa LH, ambayo ikipanda kwa ghafla hulifanya yai lililopevuka litoke. Kifuko kilichoachwa na yai hugeuka kuwa tezi ndogo itoayo projesteroni, na projesteroni huuandaa mji wa mimba kupokea mtoto. Kazi hii yote hufanyika kwa zamu, siku baada ya siku. Kwa hiyo kiasi kilicho sahihi leo kinaweza kuwa si sahihi juma lijalo, na jibu la maabara lisiloonyesha damu ilitolewa siku ya ngapi ya mzunguko ni jibu nusu.

FSH na LH hupimwa kati ya siku ya 2 na ya 5, siku ya kwanza ikiwa ile ambayo hedhi imeanza kutoka kwa wingi wake wa kawaida. FSH iliyopanda sana katika siku hizo huashiria kwamba akiba ya mayai imepungua. Zamani waganga walilinganisha LH na FSH, na LH ikiwa mara mbili au tatu ya mwenzake, walisema hapo hapo kwamba ovari zina vifuko vingi. Kipimo hicho cha ulinganifu hakitumiki tena peke yake kuthibitisha tatizo, ingawa bado kinasikika.

Projesteroni ndiyo inayokosewa zaidi. Wengi huambiwa waje “siku ya 21”. Agizo hilo linamfaa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, kwa sababu damu inatakiwa kutolewa takriban siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Tuchukue mwanamke mwenye mzunguko wa siku 42. Yai lake, likipevuka, litatoka karibu na siku ya 28. Akipimwa siku ya 21 ataonekana hana projesteroni, ataandikiwa kwamba hapevushi mayai, na habari hiyo itatembea kijijini kuliko yeye mwenyewe. Angepimwa siku ya 35, huenda jibu lingekuwa tofauti kabisa. Kiasi kinachozidi 3 ng/mL, katika siku iliyo sahihi, huonyesha kwamba yai limetoka. Maabara nyingine huandika kwa kizio cha nmol/L, na hapo 3 husomeka kama 9.5 hivi, msilinganishe karatasi za maabara mbili bila kutazama kizio.

TSH, inayochunguza tezi ya shingo, na prolaktini, homoni ya maziwa, hazifungwi na siku ya mzunguko. Hata hivyo prolaktini hupandishwa na kunyonyesha, na hofu, na baadhi ya dawa, zikiwamo metoklopramidi ya kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Ikiwa imezidi kidogo tu, hupimwa tena mama akiwa ametulia kabla ya kuanzishiwa tiba.

Vifuko, wala si uvimbe

Hali hii ilielezwa mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, na tangu hapo imebeba jina lenye kupotosha. Yanayoonekana kwenye ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa wala si saratani. Ni vifuko vya mayai, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 2 hadi 9, vilivyoanza kukua vikasimama njiani. Mayai yamo, kinachokosekana ni moja kuvuka wenzake na kutoka.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba hali hii huwapata wanawake 6 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Rotterdam mwaka 2003, daktari hutafuta mambo matatu, na mawili yakipatikana yanatosha: hedhi zinazopishana kwa zaidi ya siku 35 au zisizofika 8 kwa mwaka, dalili za wingi wa homoni za kiume, yaani ndevu kidevuni, nywele kifuani, chunusi nzito, au testosteroni iliyozidi katika damu, na ovari zenye vifuko vingi kwenye ultrasaundi. Kabla ya kukata shauri, ni lazima kwanza matatizo ya tezi ya shingo na ya prolaktini yaondolewe kwenye hesabu. Fuateni hoja hii vizuri: mwanamke mwenye hedhi za mpangilio na asiye na dalili nyingine hana ugonjwa huu kwa sababu tu picha ilionyesha vifuko. Wasichana waliovunja ungo miaka michache iliyopita huwa navyo kwa kawaida, na kwao picha hiyo haitumiki kutoa hukumu.

Kwa wengi, mzizi umo katika insulini. Mwili unapoacha kuitii, kongosho huitoa kwa wingi zaidi, na wingi huo huichochea ovari kutengeneza homoni za kiume, ambazo huzuia yai kupevuka. Ndiyo maana daktari hupima sukari hata kwa mama asiye na dalili za kisukari, na hutazama kama ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na nzito. Ndiyo maana pia kwa mama mwenye uzito mkubwa, kupungua sehemu 5 tu kati ya 100 za uzito wake kunaweza kurudisha hedhi. Mezani kwetu hilo halihitaji chakula cha dukani: tonge la ugali wa muhogo lipungue, usipa na mboga za majani viongezeke, soda iachwe. Wapo hata hivyo wanawake wembamba wenye hali hii, nao wasiambiwe wapungue.

Mengine yanayofanana nayo

Si kila kuchelewa kupata mimba ni homoni. Aliyekuwa akitumia sindano ya kupanga uzazi anaweza kukaa miezi 10 au zaidi baada ya sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, huyo hajaharibika. Mirija iliyoziba kutokana na maambukizi ya zamani ni sababu kubwa ya ugumba barani Afrika, na hakuna kipimo cha homoni kitakachoionyesha. Kwetu kandokando ya ziwa kuna pia kichocho. Mayai ya kichocho cha mkojo hukaa katika shingo ya kizazi, na hata katika mirija, yakaleta makovu. Kuuliza kuhusu kichocho na kupata prazikuanteli ni jambo rahisi, nami naona linasahauliwa mno wakati watu wanakimbilia vipimo vya gharama.

Kisha mume. Kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu kuliko orodha nzima ya homoni, na kwa haki kingetangulia au kwenda sambamba nazo. Mume hujizuia kati ya siku 2 na 7, na sampuli hufika maabara ndani ya saa moja. Kwa hiyo anayetoka Lipingo asiitegemee sampuli ya nyumbani, bali walale karibu na hospitali. Kuhusu namna ya kuipata, wanateolojia wa maadili wa Kikatoliki hukubali ikusanywe katika tendo lenyewe la ndoa, kwa kondomu maalumu isiyo na dawa ya kuua mbegu na iliyotobolewa tundu dogo. Mwelezeni daktari mapema bila haya.

Tiba na mafundisho ya Kanisa

Dawa inayotangulizwa sasa ni letrozoli, inayonywewa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti wa wanawake 750 uliochapishwa Marekani mwaka 2014 ulionyesha kwamba 27.5 kati ya 100 waliopewa letrozoli walizaa mtoto hai, dhidi ya 19.1 waliopewa klomifeni, dawa ya zamani. Karatasi iliyomo ndani ya boksi itasema kwamba ni dawa ya saratani ya matiti. Msishtuke, ndiyo kazi yake ya kwanza. Vivyo hivyo metformini ni dawa ya kisukari inayotumika hapa dhidi ya insulini. Dawa hizi hutolewa na daktari na kufuatiliwa, kwa kuwa mapacha huweza kutokea.

Hati ya Dignitas Personae, ya mwaka 2008, yataja wazi katika namba 13 kwamba tiba ya homoni dhidi ya ugumba na upasuaji wa kufungua mirija ni halali, kwa kuwa vinaondoa kizuizi bila kuchukua nafasi ya tendo la ndoa. Utungaji mimba katika chupa ya maabara haukubaliki, kama ilivyofafanuliwa katika Donum Vitae mwaka 1987. Mama ambaye hapati hedhi kwa miezi mitatu au zaidi anaweza kupewa vidonge vya homoni ili kuulinda mji wa mimba dhidi ya unene unaoweza kuzaa saratani. Humanae Vitae, namba 15, yaruhusu tiba ya namna hiyo hata kama kwa muda inazuia mimba.

Jambo moja la sheria lafaa kujulikana na wazee wa ukoo kuliko na madaktari. Kanuni ya 1084, kifungu cha 3, husema utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke hawezi kurudishwa kwao kwa sababu ya karatasi ya maabara, na mume anayeoa mwingine “ili apate mtoto” hajapewa ruhusa hiyo na Kanisa, hata kama mahari ilikwisha kulipwa yote.

Wanaofuata njia ya Billings waendelee kuandika, wakijua kwamba penye vifuko vingi ute wa rutuba huweza kuonekana mara kadhaa bila yai kutoka. Vijiti vya mkojo vya kupima LH navyo hudanganya vivyo hivyo. Wakati yai halitabiriki, kukutana kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha, maana mbegu huishi hadi siku 5. Wavuvi wa usipa, ambao usiku wa giza huwa ziwani na taa zao, wakumbuke kwamba mchana nao ni wakati.

Mnapokwenda Litembo au Peramiho, pigeni simu kwanza kuuliza ni homoni zipi zinapimwa hapo na kwa siku zipi. Chukueni daftari lenye tarehe za hedhi za miezi sita, majina ya dawa zote, za kienyeji zikiwamo, na majibu yote ya zamani. Mimba ikishika, mama aliye na hali hii aanze kliniki mapema na aombe kupimwa sukari na shinikizo la damu, kwa kuwa hatari ya vyote viwili kwake ni kubwa kuliko kwa wengine.