Chuma Kisichoongeza Mwendo

Fungua bonneti ya Subaru Impreza inayopendwa na mwenyewe hapa Nairobi na huenda ukakutana nacho: chuma kilichovuka juu ya injini kutoka upande mmoja hadi wa pili, kimepakwa rangi ya bluu au nyekundu, kinang'aa kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Hakiongezi nguvu za injini. Hakipigi kelele, na hilo kwa Subaru ya mtaani ni ajabu. Sasa kinafanya nini?

Chukua kasha la viatu. Likiwa limefunikwa vizuri, jaribu kulisokota. Linakataa. Toa kifuniko ulisokote tena, linalegea mkononi. Mwili wa gari ni kasha kama hilo. Gari likiingia kona kwa kasi, tairi za nje zinasukumwa, na nguvu inapanda kupitia shoki hadi pale shoki inapofungwa juu. Pale pakisogea hata kidogo tu, gurudumu linainama kwa namna ambayo mhandisi hakuipanga, na usukani unakuwa kama umechelewa kukusikia. Mwili wenyewe umegeuka springi, tena springi isiyo na shoki ya kuituliza.

Colin Chapman wa Lotus aliielewa shida hii mapema. Mwaka 1962 alileta Lotus 25, gari la mashindano ya Formula 1 lililotupa fremu ya mabomba. Badala yake, mabati ya aluminiamu yaliunganishwa kwa ribiti yakawa kasha moja, na dereva akalala ndani yake. Inaelezwa kwamba lilikuwa gumu mara tatu kuliko fremu ya Lotus 24, kwa karibu nusu ya uzito. Jim Clark alishinda nalo ubingwa wa dunia mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1962 Lotus ikatoa Elan, gari la barabarani lisilo na paa, yaani kasha lisilo na kifuniko. Chapman akaliwekea uti wa mgongo wa chuma katikati, mwili wa faibaglasi ukakaa juu yake.

Wajapani waliitazama Elan kwa makini. Februari 1989, kwenye maonyesho ya Chicago, Mazda ilizindua MX-5. Toshihiko Hirai, aliyeongoza mradi, alitaka dereva na gari wawe kama farasi na mpandaji wake, mwili mmoja. Gari lilikuwa na kilo 940 hivi, na ndani yake kulikuwa na boriti ya aluminiamu iliyounganisha giaboksi na difu ili vitu hivyo visicheze. Poa sana, lakini paa bado halikuwepo. Mwaka 1993 Mazda ikarudi kuongeza vyuma: kimoja nyuma ya viti, vingine chini, kwenye fremu ndogo za mbele na nyuma. Uzito ukapanda, na injini ikakuzwa kutoka lita 1.6 hadi 1.8. Hiyo ndiyo bei. Kila chuma unachofunga, unakibeba kila kona.

Na ona mahali walipovifunga. Kwenye MX-5, mikono inayoshika gurudumu imekaa kwenye fremu ndogo, kwa hiyo kazi kubwa iko chini, mahali hakuna mtu atakupigia picha. Kwenye Impreza, shoki yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu, kwa hiyo chuma cha bonneti kina sababu ya kuwepo. Kwenye gari lenye paa na mwili mgumu tayari, kina kazi kidogo tu. Wengi watabisha. Wabishe.

Kinachonitisha ni kwamba chuma hiki kinafanya kazi yake vizuri. Usukani unajibu haraka, kona inasikika kali, na msee anajiona Colin McRae kwenye Safari ya 1997. Lakini mshiko unatoka kwenye tairi, na tairi ni zilezile. Hisia imepanda, kikomo kimebaki palepale, na sasa unakikaribia ukiwa na imani zaidi, Southern Bypass, saa saba usiku. Mara nyingi gari hilohilo lina bushi zilizokwisha kwa mashimo yetu. Bushi mpya ziko Kirinyaga Road, ni nyeusi, hazing'ai, na hakuna anayefungua bonneti kukuonyesha bushi.

Mazda yenyewe imeendelea kuhangaika na uzito. Mwishoni mwa 2021, MX-5 ya kizazi cha nne ilipewa programu inayogusa breki ya gurudumu la nyuma la ndani, kidogo tu, gari linapokata kona kwa nguvu. Nyuma inavutwa chini, gari linatulia. Mwaka uliofuata wakauza Japani toleo liitwalo 990S, kilo 990. Programu ile haikuongeza hata gramu moja.