Mgonjwa alipopangishiwa chumba kijijini: historia ya Aro, na sisi wa Nakivale

Safari hii tunaandika historia ya jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini. Mtu aliyepatwa na ugonjwa wa akili alikuwa anawekwa wapi, na nani alikuwa anakaa naye?

Tuanze na wakoloni, maana majengo yao bado yapo. Nairobi kulikuwa na nyumba ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1910 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwafungia walioitwa vichaa. Ndiyo Mathari ya leo. Kule Dodoma Waingereza walifungua Mirembe miaka ya 1920, na hapa Uganda Butabika ikafunguliwa 1955. Mpango ni ule ule: ukuta, geti, na mgonjwa kaletwa kutoka mbali. Ndugu zake wanabaki nyumbani bila kufundishwa chochote. Akitoka, anarudi kwa watu wanaomwogopa kuliko mwanzo.

Sasa sikilizeni habari ya Aro. Wakati ule ule, Nigeria kulikuwa na daktari kijana, Thomas Adeoye Lambo, mzaliwa wa Abeokuta, aliyesomea Uingereza. Alirudi kwao kusimamia hospitali mpya ya Aro, nje kidogo ya mji huo. Mwaka 1954 majengo yalikuwa hayajakamilika, na wagonjwa wapo. Akafanya kitu ambacho wakubwa wa wakati ule hawakukizoea: aliomba watu wa vijiji vya jirani wawapokee wagonjwa kama wapangaji. Sharti lilikuwa moja. Kila mgonjwa aje na ndugu angalau mmoja, awe mama, dada au yeyote, wa kumpikia, kumfulia na kumsindikiza hospitali. Matibabu yalikuwa hospitalini. Saa zilizobaki zilikuwa za kijijini, na watu wengine wenye kazi na shughuli zao.

Hapo tunaomba msome mara mbili. Ndugu alikuwa sharti, si mgeni wa kuja Jumapili na matunda. Kwa kukaa pale alikuwa anajifunza: dalili zinaanzaje, dawa inatolewaje, ugonjwa ukimpanda mtu unamwambia nini. Wakirudi kwao, nyumba ina mwalimu tayari. Na wenye nyumba hawakufanya kwa huruma tu, kodi waliipata. Sisi hatuoni aibu yoyote katika hilo. Kumwambia maskini abebe mzigo bure kwa sababu ya utu ni rahisi sana kwa anayesema.

Lambo aliwaita pia waganga wa jadi wa Kiyoruba wafanye kazi naye. Kwenye hili hata kundi letu limegawanyika. Wapo wenzetu ambao kule Kivu waliona watu wakifungwa kamba kwenye vyumba vya maombi, wakinyimwa chakula, ati pepo atoke kwa njaa. Hawataki hata kusikia neno mganga. Lakini Lambo hakumkabidhi mganga mgonjwa halafu akaondoka zake. Mganga alishirikiana na hospitali, na alijua kitu ambacho vitabu vya London havikuwa nacho, yaani familia hii inaamini ugonjwa umetoka wapi. Usipojua hilo, dawa zako zitatupwa chooni. Mwaka 1961 madaktari wa akili kutoka nchi mbalimbali walikutana Abeokuta kwa mkutano wa kwanza wa aina hiyo Afrika, na baadaye Lambo akawa naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani.

Hakuwa wa kwanza duniani, tuseme ukweli. Mji wa Geel, Ubelgiji, umewapokea wagonjwa wa akili majumbani kwa mamia ya miaka. Mwaka 1938 walikuwa zaidi ya 3,700, wakilala na kula kwa familia za watu wa kawaida.

Kumbe na hapa hapa petu kuna historia. Nakivale inapokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walifundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, namna ya kuwasaidia wenzao walioumizwa na vita. Njia moja ilikuwa kumsaidia mtu asimulie maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mambo ya kutisha yakiwemo, na simulizi inaandikwa. Wanyarwanda na Wasomali 277 walishiriki. Matokeo yalitoka 2008: waliohudumiwa walipata nafuu kuliko wale ambao hali zao zilifuatiliwa tu. Lakini tusichanganye mambo. Ule ulikuwa mshtuko wa vita. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii anahitaji dawa pia, mazungumzo peke yake hayatoshi.

Kwa nini tunaandika sasa? Kijijini kwetu kuna kijana, jina tunaliacha. Mama yake anamlea peke yake. Siku ya mgao anamfungia ndani ndipo aende foleni, na kijana anapiga mlango mpaka mama arudi. Juzi usiku alirusha mawe kwenye mabati ya jirani, watoto wakalia mpaka asubuhi. Majirani wanataka ahamishwe, na hatuwezi kusema woga wao ni wa uongo. Kikao ni Alhamisi.

Tunakwenda na pendekezo la namna ya Aro. Kijana abaki. Wawili wawili wetu tukae naye kwa zamu, tumsindikize yeye na mama kwenda kuchukua dawa, na kabla ya zamu ya kwanza muuguzi atufundishe, sisi pamoja na wale majirani wa mabati. Saba wameshaandika majina. Siku ambayo bado haina mtu ni ile ya mgao, maana siku hiyo sisi wote tuko foleni. Ambaye familia yake ina mtu mwingine wa kwenda kuchukua, atuandikie hapa chini kabla ya Jumatano jioni.